UZI: Ukisikia "Google hakuna", usikate tamaa. Nilivyompata kaka yake bibi aliyezama 1944

MpigaChapa_Kkoo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari ndogo hapa Kariakoo, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi zetu mnazijua: kutoa kopi, kuskani, kuchapa barua, kumjazia mtu fomu mtandaoni. Haipiti siku bila mteja kusema "nimetafuta Google, hakuna". Zamani nilikuwa nawajibu "basi hakuna". Siku hizi siwajibu hivyo, na leo nataka nieleze kwa nini, maana naona watu wengi wanarudi mlangoni wakati kitu chao kiko ndani.

Nianze na bibi yangu. Anaishi Mbagala, ana miaka tisini na ushee, akili zake timamu kabisa. Alipokuwa mtoto, kaka yake mkubwa alichukuliwa jeshini, hao wazee wetu waliowaita keya, yaani askari Waafrika wa Waingereza. Hakurudi. Nyumbani ilikuja habari tu kwamba amezama na meli wakiwa njiani kwenda "Siloni". Kaburi hakuna, tarehe hakuna. Kila tukisoma hitma ya marehemu wa ukoo, akitajwa kaka yake, bibi huongeza kwa sauti ndogo: "Siku yake anaijua Mungu."

Nikaamua nimtafute. Nikaandika jina lake kamili Google. Wakaja wacheza mpira, wakaja watu wa Facebook. Nikaandika "meli iliyozama Siloni". Hakuna. Nikaacha kwa karibu miaka miwili.

Kosa langu lilikuwa hili: nilitafuta kwa maneno ya bibi. Aliyeandika habari za kifo kile alikuwa karani wa jeshi la Waingereza, na kwa karani yule Siloni ni Ceylon, Sri Lanka ya leo. Nilipouliza kwa Kiingereza kuhusu meli ya askari wa Afrika Mashariki iliyozamishwa kwenye Vita ya Pili, ikatoka mara moja. SS Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ikapigwa torpido na nyambizi ya Kijapani, I-27, karibu na visiwa vya Maldivi, tarehe 12 Februari 1944. Walikufa watu 1,297. Ndani yake kulikuwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, cha 301.

Hapo Google ilikuwa imenifikisha mlangoni. Jina la mtu wetu bado. Nikajiuliza swali ambalo sasa namuuliza kila mteja: nani alikuwa na wajibu wa kuliandika jina hili? Kwa askari wa Waingereza aliyekufa vitani jibu ni moja, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, iliyoanzishwa 1917. Tovuti yao ina fomu ya kutafutia marehemu. Nikaandika jina, hakuna. Nikabadilisha herufi, hakuna. Mwisho nikaacha sehemu ya jina wazi kabisa. Nikajaza vile tu nilivyokuwa na uhakika navyo: tarehe ya kufa 12/02/1944, kikosi East African Artillery. Nikabonyeza.

Yakaja majina mamia.

Ilikuwa saa tatu usiku, nimeshafunga duka, niko ndani na kompyuta moja. Nikayasoma moja moja, kidole kwenye kioo kama mtoto anayejifunza kusoma. Bibi anamwita Ramadhani. Karani aliandika Ramazani, na jina la baba yao lilikuwa limepungua herufi mbili. Namba yake ya jeshi ipo, cheo kipo, na imeandikwa jina lake liko safu ya ngapi kwenye mnara wa East Africa Memorial, makaburi ya vita ya Nairobi.

Nairobi, wakuu. Unapanda basi hapa, unafika. Miaka themanini tulidhani hana hata mahali pa kusimama ukamwombea.

Kesho nitaendelea na njia zenyewe.

Binti_Mabibo

Mkuu umenitoa machozi na niko kwenye daladala. Pole kwa familia na hongera sana. Naomba kuuliza: kama jina lilikuwa mtandaoni muda wote, kwa nini Google haikulileta? Mimi nilidhani Google inaona kila kitu.

MpigaChapa_Kkoo

Asante dada. Hakuna anayeona kila kitu.

Chukulia mtu anapita Mtaa wa Congo anasoma vibao vya maduka na vitu vilivyotundikwa nje. Jioni atakwambia duka fulani wanauza vitenge, lile vyombo. Ila hajaingia ndani kuuliza "mna nini stoo, ghorofa ya tatu?" Na wewe unajua mzigo wenyewe wa Kariakoo uko stoo. Roboti ya Google hutembea hivyo: inafuata viungo, ukurasa hadi ukurasa, inasoma kilicho wazi. Ikikutana na fomu inayosema "andika jina la marehemu, chagua kikosi", mara nyingi inapita, haijui iandike nini. Ile orodha yangu ya mamia ya majina haikuwa ukurasa uliokaa mahali unasubiri kusomwa. Ilitengenezwa palepale nilipobonyeza.

Kuna vizuizi vingine. Mwenye tovuti anaweza kuweka faili dogo linaloitwa robots.txt likiiambia roboti "huku usipite". CanLII, hazina ya hukumu za mahakama za Kanada, inazuia injini zisizione hukumu zake ili jina la mtu aliyeachana na mkewe lisimfuate kila mahali. Ukienda kwenye tovuti yenyewe unazisoma bure. Kuna vitu vinavyotaka akaunti na nywila. Kuna PDF za zamani zilizoskaniwa kama picha, hazina herufi ndani hata moja ya kutafutwa. Na kuna majina yaliyoandikwa tofauti, kama Ramazani wetu.

Mwaka 2001 mtafiti Michael Bergman alikadiria kwamba eneo hilo la ndani lilikuwa kubwa mara 400 hadi 550 kuliko lile la juu lililoonekana na injini za wakati ule. Hesabu hiyo ni ya zamani, usiibebe kama ya leo, lakini inakupa picha.

Kamanda_Temeke

Wadau kuweni makini. Hiyo ndiyo dark web inayosemwa, ukiingia wanakwapua akaunti ya benki. Kuna jamaa alishalia.

MpigaChapa_Kkoo

Kamanda, nakuheshimu, ila hapa tuvitenganishe maana hofu hii inawanyima watu haki yao.

Salio lako la benki ukilifungua kwenye simu, Google hailioni. Barua pepe zako haziji kwenye matokeo ya utafutaji wake. Faili la mgonjwa, matokeo ya fomu ya makaburi, katalogi ya maktaba, vyote viko nyuma ya mlango na ni vitu halali vya kila siku. Dark web ni kipande kidogo sana cha huko, unaingia kwa programu maalumu kama Tor, ambayo asili yake ni maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, na anwani zake huishia na .onion. Katika kila nitakachoandika hapa hakuna hata kimoja kinachohitaji Tor. Huhitaji VPN pia, na kuhusu VPN mnakumbuka tangazo la mamlaka ya mawasiliano, TCRA, la Oktoba 2023 la kutaka wanaozitumia wazitolee taarifa. Sisi tunatumia kivinjari cha kawaida na uvumilivu.

Nesi_wa_Zamu

Ngoja nichangie la kwetu. Niko wodini miaka saba. Nilikuwa nikitafuta makala za utafiti wa kitabibu nakutana na ukuta, lipa dola thelathini ndiyo usome. Nikawa nasoma muhtasari peke yake, na muhtasari haukwambii dozi ilitolewaje wala kina nani waliachwa nje ya utafiti.

Siku moja mkutubi akaniuliza, "Hujui Hinari?" Ni mpango unaoongozwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2002, sasa uko ndani ya Research4Life. Taasisi za nchi zenye kipato kidogo, sisi tumo, zinapewa majarida ya kulipia bure au kwa bei ya chini. Kilimo wanayo AGORA, chini ya FAO. Taasisi ndiyo inayosajiliwa, halafu nywila anakuwa nayo mkutubi. Yaani miaka yote hiyo ufunguo ulikuwa ghorofa moja chini yangu! Dada zangu na kaka zangu mlioko hospitalini na vyuoni, kabla ya kulipa, teremkeni maktaba mkaulize.

Binti_Mabibo

Da Nesi nakushukuru. Mimi niko mwaka wa tatu, natafuta tasnifu zilizowahi kuandikwa kuhusu wachuuzi wa samaki Feri. Google inaniletea habari za magazeti tu.

MpigaChapa_Kkoo

Hapo jiulize swali lile lile: nani ana wajibu wa kuzitunza? Chuo. Kila chuo kikubwa chetu kina hazina yake ya mtandaoni: UDSM, Muhimbili, Sokoine, Chuo Kikuu Huria. Ingia kwenye hazina yenyewe utafute humo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana tasnifu nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza. "Wachuuzi wa samaki" humo anaweza kuitwa kwa majina matatu tofauti ya kitaalamu. Ukipata tasnifu moja inayokufaa, nenda kurasa zake za mwisho, soma orodha ya marejeo, hapo umepata majina ya wengine ishirini.

Halafu kuna injini zilizotengenezwa kwa ajili ya kukusanya hazina za vyuo mahali pamoja. BASE ya Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, ipo tangu 2004. CORE iko Uingereza. Kwa majarida ya Afrika kuna AJOL, tangu 1998, makao yake Afrika Kusini, na makala nyingi unapakua bure. JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma, ukifungua akaunti ya bure unasoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi. Na ukikwama kabisa, mwandikie mwandishi wa makala barua pepe fupi ya heshima. Nimewaandikia wateja barua za hivyo, na waandishi wengi wanajibu wakiwa wamefurahi kwamba kuna mtu anawasoma.

Fundi_Hesabu

Naunga mkono. Niongezee kitu kwa wale ambao kitu chao Google imekiona ila imekizika ukurasa wa arobaini. Kuna maneno ya kuiamuru. Juzi mwenzangu ofisini alitaka idadi ya watu wa kata moja Ilala kwa ajili ya andiko la mradi wa maji. Akapata blogu tatu, kila moja na namba yake. Nikamwambia andika hivi, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili:

site:nbs.go.tz filetype:pdf sensa 2022 kata

Maana yake: nitafutie ndani ya tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu tu, niletee PDF tu. Ikaja ripoti ya mgawanyo wa watu kwa maeneo ya utawala. Ni kubwa, usiisome yote. Ifungue, tumia kitufe cha kutafuta ndani ya faili, andika jina la kata. Nchi nzima 61,741,120, Dar es Salaam 5,383,728, unashuka mpaka kata yako. Ukitaka tovuti zote za serikali unaandika site:go.tz. Maneno yanayokwenda pamoja yafunge kwenye alama za kunukuu.

Na kama unataka zaidi ya jedwali, NBS wana hifadhi ya takwimu ghafi za tafiti zao. Unajisajili, unaeleza unazitaka za nini.

Dogo_wa_Sinza

Mnajichosha wakubwa. Siku hizi unauliza akili mnemba, inakupa jibu sekunde tatu.

MpigaChapa_Kkoo

Mdogo wangu, naitumia pia, sikatai. Inanisaidia kupata maneno ya Kiingereza au Kijerumani ya kutafutia, hapo ina faida kubwa. Ila sikiliza kilichompata mteja wangu. Alileta andiko la kuchapa, kurasa za marejeo zimejaa, zimepangika vizuri. Msimamizi wake akalirudisha. Katika marejeo kumi na nne, matano hayakuwepo duniani. Majina ya waandishi ya kweli, jarida la kweli, makala ya kubuni. Yule kijana alikaa kwenye benchi langu kimya kama aliyefiwa.

Akili mnemba ilijifunza kwa sehemu kubwa kutokana na vilivyo juu, vinavyosomeka. Stoo ya ghorofa ya tatu haijaingia. Ukiiuliza kitu cha stoo, inaweza kukutungia. Niliiuliza kuhusu kaka yake bibi. Ikanipa kikosi, mwaka na mahali alipofia, yote kwa sauti ya uhakika, yote si kweli. Kama ningemsomea bibi maneno yale, angemwombea mtu katika nchi ambayo hakufika. Siwezi kulisamehe jambo hilo kirahisi.

Dogo_wa_Sinza

Nimekuelewa kaka. Hilo la marejeo sikulijua. Naenda kukagua ya kwangu sasa hivi.

Mama_Tabata

Naomba msaada jamani. Nilikuwa na kiungo cha mwongozo wa taasisi moja, nimeuhifadhi tangu 2019, unahusu fidia. Wamebadilisha tovuti, nikibofya inasema ukurasa haupo. Nimewapigia, wananiambia "angalia kwenye tovuti".

MpigaChapa_Kkoo

Mama shikamoo. Usikifute kiungo hicho, kina thamani hata kama kimekufa. Nakili anwani nzima, nenda web.archive.org, ibandike kwenye kisanduku. Hiyo ni Wayback Machine ya Internet Archive, shirika aliloanzisha Brewster Kahle kule San Francisco mwaka 1996. Wanapiga nakala za kurasa za dunia na kuziweka kwa tarehe. Itakuja kalenda, siku zenye duara ndizo walizopita. Bofya ya 2019.

Mama_Tabata

Marahaba mwanangu. IMEFUNGUKA. Na PDF yake ipo! Nimetetemeka. Mungu akubariki.

MpigaChapa_Kkoo

Alhamdulillah. Ichapishe, na anwani ya ukurasa wenye tarehe uiandike chini ya karatasi. Na nyote mnaosoma: ukikutana na tangazo, mwongozo au orodha yenye maana kwa watu, ukurasa uleule wa web.archive.org una sehemu ya kuhifadhi. Bandika anwani, bonyeza, umemhifadhia mwenzako atakayehitaji 2035. Google ilikuwa na nakala zake za akiba, imeziondoa tangu 2024, kwa hiyo tusitegemee huko.

Dalali_Goba

Kwenye ardhi na biashara vipi? Sisi tunaumia sana na kampuni hewa.

Fundi_Hesabu

Usajili wa kampuni uko BRELA, kwenye mfumo wao wa mtandaoni, ndani ya mfumo wenyewe. Google haitakuletea. Zabuni za serikali ziko NeST, mfumo ulioanza 2023 kuchukua nafasi ya TANePS. Leseni za madini zina ramani yake Tume ya Madini. Matangazo rasmi yamo kwenye Gazeti la Serikali, na kuna tovuti inaitwa gazettes.africa imeskani magazeti ya serikali za Afrika, unatafuta neno ndani yake. Hukumu za mahakama zetu na sheria ziko TanzLII, bure. Kabla ya kumlipa mtu, tafuta jina la kampuni TanzLII uone kama imewahi kushtakiwa.

Mzee_wa_Upanga

Vijana, nimesoma uzi wote tangu jana. Mmenifurahisha. Mimi ni mstaafu, nilifanya kazi na majalada maisha yangu yote, niruhusuni niseme la kwangu.

Mnaongea kana kwamba kila kitu kimeshapanda mtandaoni, tatizo ni kukifikia tu. Nyaraka za Taifa pale Upanga kuna majalada ya serikali ya Wajerumani yaliyobaki hapa baada ya vita. Orodha yake ilichapwa Marburg mwaka 1973, juzuu mbili. Majalada ya Berlin ya ofisi ya makoloni yako kwenye Hifadhi ya Shirikisho ya Ujerumani, fungu R 1001, nayo wameyaskani, mnaweza kuyasoma bure kupitia mfumo wao uitwao invenio. Kwa hiyo kuna barua ambayo nusu yake, ile iliyotumwa, iko Berlin na unaisoma kwenye simu ukiwa Mbagala. Na jibu lake liko Upanga kwenye sanduku, na itabidi upande basi. Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi, ambayo Mwalimu aliifungua Desemba 1967, ina vitabu na magazeti ambayo hutayaona kwenye skrini yoyote. Chuo Kikuu, sehemu ya East Africana, vilevile. Hata miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ipo.

Katalogi ya mtandaoni itakwambia jalada lipo na namba yake. Ukishapata namba, andika kwenye karatasi, piga simu uulize utaratibu, kisha nenda. Na ukifika, ongea na mtunza majalada kwa adabu. Yeye ndiye anayejua sanduku lipi liliwekwa vibaya mwaka gani, na hilo halijaandikwa popote.

MpigaChapa_Kkoo

Shikamoo mzee wangu. Umetuwekea kitu kilichokosekana. Ninakunakili maneno yako niyabandike ukutani dukani, kama utaniruhusu.

Mzee_wa_Upanga

Marahaba. Bandika.

Mjukuu_wa_Songea

Wakuu nimefuata njia ya mleta uzi usiku kucha. Babu wa baba yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza, Vita ya Kwanza, 1917. Hakurudi. Nimeacha jina wazi, nimejaza mwaka, nimejaribu kila kikosi. Simuoni. Nakosea wapi?

MpigaChapa_Kkoo

Ndugu yangu, nimekaa na swali lako tangu asubuhi, nimeogopa kulijibu haraka.

Inawezekana hukosei popote. Mwaka 2021 CWGC wenyewe walitoa ripoti ya kukiri kwamba waliokufa katika Vita ya Kwanza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, wasiopungua 116,000 na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa Afrika Mashariki ni sehemu kubwa ya hao. Na mimi naandika haya nikiwa Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kambi ya hao hao, Carrier Corps, baada ya Waingereza kuuchukua mji huu Septemba 1916. Nafungua duka kila asubuhi juu ya jina lao, na majina yao wenyewe hayapo.

Kwa hiyo kuna wakati unapita milango yote, unafika stoo, unakuta rafu tupu kwa sababu karani hakuona sababu ya kuandika. Lazima tuwe wakweli juu ya hilo. Ila kabla ya kukubali, jaribu haya. Muulize mzee yeyote wa ukoo aliondoka na nani. Wenzake waliorudi huenda waliandikwa. Misheni za huko kwenu zilitunza vitabu vya ubatizo na shajara, uliza kama alibatizwa na wapi. Tafuta katalogi ya Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, kwa jina la wilaya badala ya jina lake. Andika jina lake kwa namna zote alizoweza kulisikia Mwingereza.

Mjukuu_wa_Songea

Alibatizwa. Peramiho. Sikuwahi kufikiria huko. Nampigia baba mdogo sasa hivi.

Nesi_wa_Zamu

Mleta uzi, hukutumalizia. Bibi alisemaje?

MpigaChapa_Kkoo

Nilienda Mbagala Jumapili. Nilichapa ule ukurasa kwa herufi kubwa ili auone. Hakuutazama kwanza. Aliuliza, "Siku gani?" Nikamwambia Jumamosi, tarehe 12, mwezi wa pili, 1944. Akasema, "Hapana, kwa mwezi wetu." Nikaingia kwenye kalenda ya kubadilisha tarehe palepale: Safar, 1363. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Mfunguo tano." Kisha akaomba kalamu, akanipa msahafu wake, nikaandika ndani ya jalada, chini ya majina ya wazazi wake. Akanisahihisha jina la baba yao, zile herufi mbili. Nimewaandikia CWGC kuomba warekebishe, wana sehemu ya kupokea maombi hayo.

Mwezi ujao natarajia kwenda Nairobi. Ombi langu kwenu: kama mna mzee aliyezama kwenye meli ile, leteni majina hapa jinsi mnavyoyatamka nyumbani. Nitapita kwenye mnara na kuyatafuta moja moja, nipige picha.

Kamanda_Temeke

Mkuu, baba yake mama yangu. Nyumbani tuliambiwa "alienda Burma". Hakuna anayejua zaidi. Jina lake Asumani, kwa wengine Athumani. Ila mama anakumbuka kulikuwa na neno "meli". Nimefungua ile fomu hapa, nimejaza tarehe na kikosi, jina nimeacha wazi. Naanza kusoma.